Kuchagua kisoma skrini ukiwa developa asiyeona: mwongozo kamili hatua kwa hatua

Nimeandika hii kwasababu kosa ni lile lile kila siku. Mtu anapakua kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini, anafungua faili la Python (lugha ya kuandikia programu), anasikia maneno yanatiririka tu bila mabano bila nafasi bila chochote, anasema hiki hakifai, anahamia kingine, nacho vilevile, mwezi unaisha hajaandika hata fankisheni moja (kipande cha programu kinachofanya kazi moja). Mwisho anaamini kodi, yaani kuandika maandishi ya programu, sio kazi ya mtu asiyeona, na hapo ndo roho inaniuma, maana tatizo wala halikua yeye.

Tatizo ni kwamba visoma skrini vyote vinakuja vimepangwa kwa ajili ya mtu anayesoma barua, habari na meseji. Huyo hana haja ya kusikia kila mabano. Wewe unayo. Kwahiyo panga kwanza, hukumu baadaye, na uhukumu kwa kodi, sio kwa utamu wa sauti.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kompyuta ile ile unayofanyia kazi, sio ya kuazima.
- Hedifoni za waya. Za Bluetooth zinachelewa, na nyingi zinalala kukiwa kimya, zikiamka zinameza silabi ya kwanza. Kwenye kodi silabi ya kwanza inaweza kua ndo `not`, lile neno la kukanusha.
- Edita (programu ya kuandikia kodi) unayoijua tayari au uliyoamua kujifunza.
- Faili la majaribio la mistari kama 100, kwa lugha unayoandikia kila siku.
- Rafiki anayejua kodi kidogo, nusu saa tu inatosha. Kazi yake utaiona hatua ya 7.
- Flash.
- Siku tatu au nne kwa kila kisoma skrini. Jioni moja haitoshi, jioni moja unapima uchovu wako tu.

## Hatua ya 1: Anza na kazi, sio na kisoma skrini

Jiulize kodi yako itaishi wapi. Jibu hilo peke yake linafuta nusu ya orodha.

Kwenye Windows kuna vitatu vya maana: NVDA, ambayo ni bure na kodi yake iko wazi kwa yeyote, JAWS, ambayo ni ya kulipia leseni, na Narrator, ambayo imo ndani ya Windows tayari. Kwenye Mac ni VoiceOver, na imo ndani. Kwenye Linux yenye madirisha ni Orca, na kwa wale wanaokaa kwenye terminali tupu (skrini ya kuandika amri tu) kuna BRLTTY kwa kifaa cha breli, na Speakup au Fenrir kwa sauti.

Unatengeneza programu za iPhone? Basi Mac haikwepeki, maana Xcode, programu ya Apple ya kutengenezea hizo programu, inakaa kwenye Mac tu, na ukishakua kwenye Mac umeshachaguliwa VoiceOver. Unafanya kazi na seva za Linux? Hapo wengi wanakosea, wanadhani lazima wahamie Orca. Sio lazima, seva unaingia kwa SSH (njia ya kuingia kompyuta ya mbali kwa amri) kutoka Windows, au unatumia WSL (Linux ndani ya Windows), na kinachosoma ni kisoma skrini cha mashine uliyokalia.

Kama ni kompyuta ya ofisi, uliza mapema kama unaruhusiwa kuinstall kitu. Nimeona mtu anajifunza kisoma skrini miezi mitatu nyumbani halafu anafika kazini hakiruhusiwi.

Msimamo wangu: ukiwa Windows na hujui uanzie wapi, anza na NVDA. Ni bure, na sehemu kubwa imeandikwa kwa Python, kwahiyo siku moja utaweza kufungua kodi yake uone kwanini inafanya inavyofanya. JAWS ina nguvu sana pale mwajiri anapolipia na ofisi ina programu zake ambazo watu wameshaziandikia skripti. Na kama unaishi ndani ya edita ya Emacs, kuna Emacspeak ya T. V. Raman, hiyo ni habari nyingine kabisa kwasababu inaongea kutokea ndani ya edita yenyewe, inajua hili ni neno la lugha na hii ni komenti (maelezo ambayo kompyuta inayaruka).

Onyo: usibadilishe mfumo wa kompyuta, kisoma skrini na edita kwa mpigo. Kitu kikigoma hutajua nani wa kumlaumu.

Umefanikiwa ukiwa na majina mawili tu, la kwanza na la akiba.

## Hatua ya 2: Jifunze kukiwasha, kukinyamazisha na kukirudisha

Kabla ya kodi yoyote. NVDA ukishaiinstall inawashwa kwa Control+Alt+N na kuzimwa kwa Insert+Q. Narrator ni Control+Windows+Enter. VoiceOver ni Command+F5. Orca kwenye mazingira ya GNOME ni Super+Alt+S. JAWS bila leseni inafanya kazi dakika 40, halafu mpaka uwashe upya kompyuta, kwahiyo panga majaribio yako yaingie humo na uhifadhi faili kila mara.

Kitufe cha Control kinakata maneno kwenye Windows na Mac. Kizoee, utakipiga mara mia kwa siku.

Washa kimoja kwa wakati mmoja. Viwili vikiongea pamoja vinagombania vitufe, maana NVDA, JAWS na Narrator vyote vinatumia Insert kama ufunguo wao, na hapo utapata fujo ambayo sio kosa la yeyote.

Kuna kitu kimoja kinawatoa watu jasho: unagusa NVDA+S bila kukusudia, sauti inazimika, unadhani kompyuta imekufa. Haijafa. NVDA+S inazungusha aina za usemaji na mojawapo ni kimya. Bonyeza tena taratibu mpaka sauti irudi. (Nikiandika NVDA+kitu namaanisha Insert, au Caps Lock kama umeichagua, pamoja na hicho kitufe.)

NVDA+1 inawasha msaada wa vitufe: unabonyeza chochote, inakwambia kinafanya nini bila kukifanya. Kaa humo dakika kumi.

Umefanikiwa kama unaweza kukizima, kukiwasha na kukinyamazisha bila mtu wa pembeni.

## Hatua ya 3: Sauti

Hapa ndo wengi wanachagulia, na ndo pasipofaa kuchagulia. Sauti inayofanana na mtu inapendeza kwenye riwaya. Kwenye kodi unataka sauti inayojibu papo hapo unapobonyeza mshale, na ambayo ukiipeleka kasi herufi hazigandani. eSpeak NG inayokuja na NVDA ni ya kiroboti kweli, siku mbili za mwanzo utaichukia, lakini iko mwepesi na inabaki inasikika hata kwenye kasi kubwa.

Weka kasi unayoielewa bila kukunja uso. Pandisha kidogo kila baada ya siku chache. Usijipime na mtu aliyezoea miaka kumi.

Lugha: kodi isome kwa sauti ya Kiingereza, maana maneno yenyewe ya lugha za programu ni ya Kiingereza. eSpeak NG ina Kiswahili pia, itunze kwa barua na nyaraka. Ukiwapa variabo (vishikio vya thamani) majina ya Kiswahili kama `jumlaYaMauzo`, sauti ya Kiingereza itayatamka kwa lafudhi yake, utazoea, ila jina likikutia mashaka pita herufi kwa herufi kwa mshale wa kulia.

## Hatua ya 4: Alama za uandishi

Hii ndo hatua yenyewe. Ukiruka zote usiruke hii.

Chukua mstari huu:

`if (jumla >= 10 && !imelipwa) {`

NVDA ikiwa kama ilivyokuja, mabano hutayasikia, na ile alama ya mshangao, ambayo hapa ni ya kukanusha, nayo hutaisikia. Unabaki na kitu kama "ikiwa jumla ni 10 au zaidi na imelipwa". Ona kilichotokea: maana imegeuka kichwa chini. Kodi inasema *haijalipwa*, sikio lako limesikia *imelipwa*, na utakaa hapo saa nzima unajiuliza kwanini programu inafanya kinyume wakati wewe "umeusoma" mstari mara tano.

NVDA+P inazungusha viwango vinne: hamna, kiasi, nyingi, zote. Kwa kodi weka zote. Usitulie kwenye "nyingi" ukadhani inatosha, upitishe kwanza mstari wenye alama ya mshangao uone kama unaisikia. VoiceOver, JAWS na Orca nazo zina kiwango cha kutamka alama zote kwenye setingi zao.

Sasa utalalamika kwamba kila mstari umekua mrefu. Ni kweli. Dawa ziko mbili.

Ya kwanza, fanya kiwango hiki kiwe cha edita na terminali tu. NVDA ina profaili, unaingia kwa NVDA+Control+P ukiwa ndani ya edita, unatengeneza mpya, unaifunga na programu hiyo. Ukihamia kwenye barua pepe inarudi kawaida yenyewe. JAWS inaweka setingi kwa kila programu, Orca nayo hivyo hivyo, VoiceOver wana kitu wanaita Activities.

Ya pili, fupisha majina ya alama. Kwenye menyu ya NVDA, upande wa mapendeleo, kuna dirisha la matamshi ya alama. Mabano ya kufungua yanatajwa kwa maneno mawili ya Kiingereza, mi nimeyafanya "bano" na ya kufunga "funga". Silabi mbili tu kila moja. Kwenye mstari wenye mabano nane hiyo ni tofauti unayoisikia kweli.

Umefanikiwa kama mtu akikusomea mstari ule wa juu akauruka mshangao, wewe unamkatisha.

## Hatua ya 5: Ujongezaji, zile nafasi za mwanzo wa mstari

Kwa JavaScript au Java unaweza kujidanganya kidogo, mabano yanakubeba. Kwa Python huna pa kujificha.

Niliwahi kupoteza jioni nzima kwenye fankisheni ya kujumlisha orodha. Jibu lilikua daima ni kitu cha kwanza peke yake. Nilisoma kila neno, yote sawa. Kumbe `return` yangu (amri ya kutoa jibu na kutoka) ilikua imesogea ndani ya `for` (amri ya kurudia), nafasi nne tu, ikawa inatoka kwenye mzunguko wa kwanza. Maneno yalikua sahihi yote, mahali ndo palikua pabaya, na kisoma skrini changu hakikua kinataja mahali. Nililia siku ile, sio kwa ajili ya hiyo kodi, ni kwa vile nilishaanza kuwaamini waliosema hii kazi siiwezi.

Kwenye NVDA bonyeza NVDA+Control+D, tafuta setingi ya kutaja ujongezaji wa mstari. Ina chaguo la kuzima, maneno, milio, au maneno na milio pamoja. Anza na vyote viwili wiki moja, halafu bakiza milio. Mlio unapanda juu kila nafasi inapoongezeka, na tabu moja inahesabiwa kama nafasi nne. Sikio linashika haraka kuliko unavyodhani: unashuka mistari, unasikia mlio umepanda, umeingia ndani ya `for`, umeshuka, umetoka. Huhesabu tena, unasikia umbo la kodi.

Orca ina setingi ya kutamka ujongezaji, JAWS nayo inayo. Unapolinganisha, kipime hiki kwa makini, kwa mtu wa Python ndicho kinachoamua.

Onyo: amua nafasi au tabu kwenye mradi mzima. Vikichanganyika milio inakudanganya na Python yenyewe inagoma.

Umefanikiwa kama unapita faili la mistari 50 kwa mshale tu na unaweza kusema kila `return` iko ngazi ya ngapi.

## Hatua ya 6: Edita na terminali

Kisoma skrini kizuri ndani ya edita bubu ni kazi bure. Mfano wangu ni VS Code kwenye Windows kwasababu wengi wako huko.

Shift+Alt+F1 inawasha hali ya kisoma skrini. Kawaida inajigundua yenyewe, ila ukiona mishale inapita na husikii mistari, anzia hapo. Alt+F1 inakupa msaada unaohusu mahali ulipo. F8 inakupeleka kwenye kosa linalofuata na kukusomea ujumbe wake. Control+Shift+O inakupa orodha ya fankisheni za faili, hii ni dhahabu, maana anayeona anatupa jicho akaruka, wewe unaruka kwa jina. Na kama Tab inakuingizia nafasi wakati unataka kutoka kwenye edita, Control+M inabadilisha kazi yake. Kuna pia milio midogo kwa mstari wenye kosa au breakipointi (alama ya kusimamisha programu hapo), tafuta kwenye orodha ya komandi uisikilize yote mara moja ujue upi ni upi.

Wa IntelliJ na Android Studio, kuna setingi ya kuwezesha visoma skrini upande wa mwonekano, iwashe kwanza ndo uanze kulaumu.

Terminali ina shida zake. Matokeo yanamwagika yote, kisoma skrini kinajaribu kusoma yote. Nayofanya ni kuyapeleka kwenye faili, mfano haya ya git (programu ya kutunza historia ya kodi):

`git --no-pager diff > mabadiliko.diff`

halafu nafungua hilo faili kwenye edita na kulipita mstari kwa mstari. Na hapa alama zinarudi tena: kwenye diff (orodha ya mabadiliko) mstari ulioongezwa unaanza na jumlisha, uliofutwa unaanza na kistari. Kiwango chako kikiwa chini unaweza kusikia jumlisha usisikie kistari, ukaona mistari ya zamani na mipya kama yote ipo. Mtu anapitisha kodi ya mwenzake hivi, halafu lawama zinamrudia.

Pau za maendeleo zinazojiandika upya kila sekunde zizime pale inapowezekana, kwa mfano `pip install --progress-bar off`. Ndani ya terminali ya VS Code, Alt+F2 inakufungulia matokeo kama maandishi ya kawaida unayoweza kutembea ndani yake.

Umefanikiwa kama umefanya badiliko, umelisoma kwenye diff, umelikomiti (umelihifadhi kwenye git), na kila mara ulijua uko wapi.

## Hatua ya 7: Jaribio lenyewe

Sasa ndo unalinganisha. Mpe rafiki yako faili la majaribio akupandie makosa matano bila kukwambia yako wapi. Usiyapande mwenyewe, ukiyapanda utayasikia kwa kumbukumbu na sio kwa sikio. Mwombe haya:

1. Mabano moja yaliyokosekana kufungwa.
2. Mstari mmoja uliosogea ngazi moja ndani.
3. `=` mahali pa `==`.
4. Majina mawili yanayofanana, kama `jumla_mauzo` na `jumlamauzo`.
5. Herufi O mahali pa sifuri.

Mipaka: huruhusiwi kuendesha programu wala kutumia F8, ni masikio tu. Andika muda wa kila kosa. Kisha kwa kisoma skrini cha pili mwambie apande mapya kwenye faili lingine, maana ya kwanza umeshayajua.

Ukimaliza, washa dibaga (chombo cha kuendesha programu hatua kwa hatua): weka breakipointi kwa F9, endesha kwa F5, ikisimama nenda usome thamani ya variabo tatu. Hapa visoma skrini vinatofautiana sana, kimoja kinakufikisha kwenye orodha ya variabo kwa vitufe viwili, kingine unazunguka madirisha mpaka unasahau ulitaka nini.

Kosa la tano litakusumbua kwenye vyote, wala usivunjike moyo. Kwa sauti O na sifuri zinaachana ukipita herufi kwa herufi tu. Wenye kifaa cha breli wanalikamata kirahisi zaidi kwa vidole, na kama una uwezo wa kukipata, kwenye kodi kinalipa kuliko mahali pengine popote.

Umefanikiwa kama umeyapata manne kati ya matano na umesoma thamani zote tatu. Kilichokufikisha hapo kwa uchovu mdogo ndo chako. Uchovu nao uandike, saa zako nane za kazi zitapita humo.

## Hatua ya 8: Kiweke salama, na ubaki na cha akiba

Kwenye NVDA hifadhi setingi kwa NVDA+Control+C. Kisha kwenye menyu ya zana tengeneza nakala ya kubebeka, iweke kwenye flash pamoja na setingi zako. Nakala hiyo inafanya kazi kwenye kompyuta ya mtu bila kuinstall, ila ina mipaka: haiwezi kujiwasha kwenye skrini ya kuingia, wala haisomi yale madirisha ya Windows yanayoomba ruhusa ya msimamizi. Kwa hayo Narrator inakuokoa, na ndo maana inabidi uijue japo hutaitumia kila siku.

Usisasishe kisoma skrini wiki ya kukabidhi kazi. NVDA hasa, toleo la kwanza la kila mwaka, lile linaloishia na .1, ndo linaloweza kuzifanya programu jalizi za zamani zisikubali mpaka watengenezaji wake wazisasishe. Angalia zako kwanza, halafu ndo ukubali.

Cha akiba nacho kiwekee alama zote na ujongezaji sasa hivi, sio siku kile kikuu kikigoma. Ukiwa developa wa wavuti utakihitaji hata bila ajali, kwasababu ukurasa unaosomeka vizuri kwa NVDA kwenye Firefox unaweza ukawa kimya mahali fulani kwa VoiceOver kwenye Safari, na watumiaji wako wako pande zote mbili.

Ukishamaliza yote zima kompyuta, iwashe, chomeka flash, washa nakala ya humo, fungua faili la Python na ushuke mpaka kwenye `for` ya kwanza. Mlio ukipanda, setingi zako zimehamia.